Kisanduku cha Umeme

Nimekaa kizani mara nyingi katika maisha yangu, wala sikupata kukiogopa kiza mpaka nilipoletewa mjukuu mwenye pumu.

Mwaka 2008 nilikuwa Unguja nikisomesha sayansi. Mwezi wa Mei umeme wa kisiwa kizima ulizimika, ukakaa takriban mwezi mzima ndipo ukarudi. Tukadhani tumelipa deni letu. Disemba 2009 ukazimika tena, na mara hii haukurudi mpaka Machi 2010. Unguja yote ilikuwa ikinyonya umeme kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, hadi Fumba. Njia hiyo ilipopata hitilafu hapakuwa na njia nyingine. Maji yalikata kwa sababu pampu zilikuwa zikiendeshwa kwa umeme huohuo. Waliokuwa na pesa walinunua jenereta, na waliokuwa hawana walinunuliwa kelele zake. Sisi nyumbani tulishusha kandili ya marehemu mama, tukafuta vumbi, tukakaa barazani tukilaumu kila wa kulaumiwa. Lakini nasema kweli, hatukuwa na hofu. Tulikuwa na joto, mbu na kiu ya maji baridi tu.

Nilipostaafu nilirudi kwetu Pemba. Kisiwa hiki kilikuwa kikipata umeme wa jenereta za Wesha, na mwaka 2010 kikaunganishwa na Tanga kwa waya wake chenyewe wa baharini. Kwa hivyo umeme upo. Ila hukatika: mnazi umeangukia waya, mvua imepiga, mafundi wako kazini. Mara saa mbili, mara usiku kucha. Hayo nayo hayakunisumbua. Mzee aliyelala saa mbili usiku hajui kama umeme upo au haupo.

Kisha mwanangu, anayefanya kazi Unguja, akamleta mtoto tukae naye. Alikuwa na miaka minne. Alikuja na mkoba wa nguo, mpira, na mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke, ile ambayo madaktari huiita nebulaiza. Usiku mmoja wa masika kifua kikambana. Tukawasha mashine, ikanguruma, mvuke ukaanza kutoka, mtoto akaanza kutulia. Haikutimia dakika tatu, umeme ukakatika. Sauti ya mashine iliponyamaza ndipo nilipoisikia sauti iliyokuwa chini yake, mluzi wa kifua cha mtoto. Jirani alitoa gari, tukafika hospitali, tukahudumiwa vizuri, tukarudi alfajiri. Lakini mluzi ule nilibaki nao masikioni, na kabla ya chai nilikuwa nimeshaamua kununua umeme wa kuweka ndani ya nyumba.

Jenereta sikuitaka. Hutoa moshi, na moshi ndio adui wa kwanza wa kifua cha mtoto. Betri kubwa ya gari na kibadilisha umeme chake niliwahi kuiona kwa jirani. Inafaa kwa mtu atakayeiweka pembeni na asiiguse tena. Sisi tuna jambo jingine. Kila msimu wa karafuu tunahamia shamba. Jamaa zetu wote wanapiga kambi huko, wiki tatu, pengine zaidi, vibanda vya makuti na maturubali, na umeme haupo hata wa kuotea. Mtoto hawezi kuachwa mjini peke yake. Kwa hivyo nilihitaji kitu ambacho ningeweza kukishika mkono mmoja, mtoto nimemshika mkono wa pili.

Mpwa wangu yuko Maskat. Huko wakati wa baridi watu hutoka mjini Alkhamisi jioni, wakaenda kulala jangwani kwenye mchanga, kwa starehe tu. Nilimpigia nikamweleza. Akacheka, akasema, "Mjomba, kitu unachokitafuta mimi ninacho ndani ya gari." Akanitumia picha: sanduku lenye mkono wa kubebea kama wa birika, soketi mbele, kioo kidogo kinachoonyesha asilimia iliyobaki. Yeye hulitumia jangwani kuchemshia kahawa na kuwashia friji ya gari. Lina wati-saa 1,000 na zaidi. Akasema atakuja nalo likizo, zawadi yangu. Mwenzangu akapiga vigelegele.

Mpwa akaja mikono mitupu. Kanuni za ndege ni kwamba betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 unaweza kupanda nayo, baina ya 100 na 160 kwa ruhusa ya shirika, na iliyozidi 160 haipandi na abiria kabisa, si mkononi wala kwenye mzigo. Aliambiwa hayo uwanja wa ndege, akamrudishia ndugu yake sanduku. Kosa halikuwa lake peke yake. Mimi ndiye niliyemwambia, "Utalificha baina ya nguo." Mwalimu wa sayansi mzima! Betri ya aina hiyo ikishika moto hewani ni vigumu mno kuizima.

Basi nikavuka kwenda Unguja kujinunulia. Sitalitaja duka nililoanzia. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu nzuri, akaniita maalim kabla hajanijua, akaniwekea mezani kisanduku kilichoandikwa kwa herufi kubwa: 60,000 mAh. Akasema, "Hiki maalim kinawasha friji, televisheni, na bado unatia chaji simu za mtaa mzima." Namba elfu sitini inatisha. Nikatoa kalamu. Namba hiyo ni kubwa kwa sababu kipimo chenyewe ni kidogo. Ukizidisha 60,000 kwa volti 3.7 za seli zilizomo, ukagawa kwa 1,000, unapata wati-saa 222. Hiyo si mali mbaya, lakini haiwashi friji usiku kucha. Kisanduku cha pili kiliandikwa wati 1,000 upande wa mbele, na chini, kwa maandishi ya kutafutwa kwa miwani, wati-saa 230. Kijana hakuwa mwongo. Yeye alidhani wati na wati-saa ni kitu kimoja, kama wanavyodhani wengi wa wanafunzi niliowasomesha miaka 31.

Ngoja nilieleze hapa kama nilivyokuwa nikilieleza darasani. Wati ni upana wa mfereji. Wati-saa ni maji yaliyomo ndani ya tangi. Mfereji mpana kwenye tangi dogo utakujazia ndoo moja upesi, kisha utakohoa upepo. Anayenunua kisanduku cha umeme lazima aulize yote mawili: mfereji unatosha kuendesha chombo changu kikubwa kuliko vyote, na tangi linatosha mpaka asubuhi? Tena si maji yote ya tangi yanayofika kwenye ndoo. Kuugeuza umeme wa betri uwe wa volti 230 kunakula sehemu yake. Ukipata 85 katika kila 100 ushukuru.

Nilirudi Pemba bila ya kununua, nikakaa na daftari. Mwenzangu alikuwa na hoja yake. Yeye ana friza, anauza barafu za ukwaju na za ubuyu kwa watoto wa skuli, na pesa hizo ndizo zinazonunua samaki wetu. Alitaka sanduku la kuendesha friza. Nikafanya hesabu. Friza kama ile hula karibu wati-saa 1,000 kwa siku, na kila mota yake inapoamka huvuta kwa nukta moja umeme mwingi mara kadhaa kuliko wa kawaida. Sanduku la kazi hiyo lingekuwa na uzito wa mtoto mwenyewe na bei ya ng'ombe. Nikamwambia, "Friza yako tayari ni betri." Akaniangalia kama ninamfanyia mzaha. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke yote, lazima imeze joto la kilojuli 334, na hizo ni karibu wati-saa 93. Kilo kumi na moja za barafu zilizomo ndani ni sawa na sanduku zima la Maskat. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa na ubaridi wake siku mbili hivi. Ikifunikwa blanketi, ni vizuri zaidi. Alinijibu, "Hayo uwaambie watoto wanaokuja kugonga mlango wanataka barafu." Lakini alikubali. Siku ya kukatika umeme sasa hutundika kitambaa kwenye mlango wa friza, na kitambaa hicho ni amri.

Daktari wa watoto niliyekwenda kumuuliza ndiye aliyenipunguzia hesabu. Nilimwambia nataka umeme wa kuendesha mashine saa zote. Akaniuliza mtoto ana pampu ya pumu? Anayo. Ana chupa yake? Sikumfahamu. Akanieleza kwamba kwa mashambulizi mengi ya kawaida pampu ikipitishwa kwenye chupa inamfaa mtoto sawasawa na mashine, na kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri pembeni, inatosha. Madaktari wa Cape Town waliifanyia majaribio kwa watoto wakachapisha matokeo mwaka 1999. Alinitengenezea moja mbele yangu, akamwonyesha bibi yake mtoto namna ya kuhesabu pumzi. Nikaichukua kwa heshima, nikaitia mkobani. Moyoni nilisema, mimi nimekuja kutafuta umeme, huyu ananipa chupa ya maji.

Nikaandika hesabu ya mwisho. Mashine, wati 140, dakika kumi kila mara, mara tatu kwa usiku mbaya kabisa: wati-saa 70. Taa moja ya wati 5, saa kumi: 50. Feni ndogo ya wati 20, saa tano, kwani joto nalo humbana: 100. Jumla 220. Nilipata kisanduku cha wati-saa 256, na ukiondoa kinacholiwa njiani zinabaki karibu 220. Hesabu ilikaa kama kifuniko na chungu chake, nami nikajisifu.

Mengine niliyoyaangalia nitayapitia upesi. Nilitaka seli za lithiamu zenye chuma na fosfeti, kwa sababu zinavumilia joto na zinaweza kujazwa na kumalizwa mara 3,000 hivi kabla hazijachoka, hali zile za aina nyingine huanza kuzeeka baada ya mara 500. Nilitaka umeme wenye wimbi safi, usio wa kukatakata, kwani mota ya mashine ya mvuke ikilishwa umeme mbaya hupata moto na kunguruma kama mgonjwa. Nilihakikisha kinatoa volti 230. Viko vilivyotengenezewa Marekani vinatoa 120, na rahisi yake ni ya bure. Kilikuwa na kilo tatu na nusu. Kitabu chake kilionya nisikitie chaji kwenye baridi iliyo chini ya sifuri, onyo ambalo nimelisamehe kwa niaba ya wakaazi wote wa Pemba. Pamoja nacho nilinunua sola ya kukunja ya wati 60. Vyote viwili vilinigharimu kama mbuzi watatu wakubwa.

Nyumbani kilifanya kazi bila ya kosa miezi mitano. Ukaja msimu, tukahamia shamba.

Asiyewahi kulala kambi ya karafuu nimweleze kidogo. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, chini wako wanaookota. Jioni magunia yanamwagwa, na kila mtu, mkubwa na mdogo, anakaa kuchambua, kutenga karafuu na makonyo yake. Kazi hiyo inakwenda mpaka usiku, na inataka mwanga. Zamani tulichambulia koroboi, moshi ukitujaa puani. Usiku wa kwanza nilipotundika taa yangu nyeupe juu ya jamvi, kambi nzima ilihamia kwetu. Watu waliimba. Mtoto wangu alikaa katikati kama sultani, akimwambia kila mmoja kwamba umeme ni wake.

Sola nayo ilikuwa na mtihani wake. Chini ya mikarafuu hakuna jua. Mahali pekee penye jua ni kiwanja cha kuanikia. Basi sola ikaanikwa pamoja na karafuu, na wingu likija tukaanua vyote pamoja. Jua zuri lilinipa wati 40 au zaidi kidogo, nikajaza kisanduku kwa saa saba. Jua likiwa la mawingu sikupata hata nusu.

Siku ya tatu alikuja binti wa kibanda cha pili. "Shikamoo maalim. Bibi anaomba umtilie simu yake moto kidogo, mwanawe atapiga kutoka Dar es Salaam." Nikamtilia. Akaja mwengine, ana mchumba. Akaja mpanda mikarafuu, ambaye asipopigiwa simu hapati kazi ya kesho. Nani utamkatalia, na hawa ndio wanaotusaidia kuanua karafuu mvua ikipiga? Simu kubwa ya siku hizi inabeba karibu wati-saa 19, na kuipeleka huko kunakula 25. Simu tisa ni kisanduku chote. Hesabu hiyo nilikuwa naijua. Sikuiandika daftarini tu, kwa sababu daftarini niliandika nyumba yangu, na kambini hakuna nyumba yangu.

Siku ya sita kulikuwa na mawingu kutwa. Usiku tulichambua mpaka saa nne, taa inawaka, simu tatu zimening'inia kwenye waya. Sikuangalia kioo. Saa nane usiku nikausikia mluzi.

Niliwasha mashine kizani kwa kupapasa. Ikanguruma. Nikamshika mtoto mgongo, nikahisi mbavu zake zinavyokwenda. Baada ya dakika nne hivi kioo kikamweka mara moja, kikazima, na mashine ikanyamaza. Sijui niseme nini juu ya wakati ule. Nilikuwa nimekaa chini ya mkarafuu, na mkononi nina kitu cha bei ya mbuzi watatu kilichokufa, kwa ajili ya usiku huohuo mmoja nilioununulia.

Mwenzangu hakusema neno. Aliwasha tochi ya simu yake, akafungua mkoba, akatoa chupa ya daktari. Akachomeka pampu kitakoni, akamwekea mtoto shingo ya chupa mdomoni, akabonyeza mara moja, akamhesabia pumzi kwa sauti ya kumbembelezea. Akangoja. Akabonyeza tena. Mimi nilishika tochi, na mkono wangu ulikuwa ukitetemeka hata mwanga ukawa unacheza juu ya makuti. Kidogo kidogo mluzi ukapungua. Kulipopambazuka tulimpeleka hospitali kwa gari ya karafuu, wakamwangalia, wakasema mmefanya vyema. Waliposema hivyo nilimtazama mwenzangu, naye alitazama pembeni.

Simu yake ile iliyotuangazia, nilikuja kufahamu baadaye, ilikuwa miongoni mwa zile tatu zilizoning'inia kwenye waya.

Watu kambini waliposikia waliona haya kuliko mimi. Wengine walisema hawataleta simu tena. Nikakataa. Mpanda mikarafuu asiye na simu ni hasara kwake, na bibi yule bado alikuwa akingoja mwanawe apige. Nilichofanya nilikifanya kwa plasta. Nilikata kipande cha plasta ya kidonda, nikakibandika chini ya kioo, nikaandika kwa kalamu: 50. Chini ya hapo ni ya mtoto. Simu zinatiwa mchana tu, jua likiwa linaingia, na kioo kikifika plasta waya zinachomolewa, hata kama simu ni ya sheha. Taa ya kuchambulia nikaipunguza iwe ya wati 3; kanuni ikawa saa tatu inazimwa, na anayetaka kuendelea awashe koroboi yake mbali na kibanda chetu, upande unaokwenda upepo.

Mpwa alipiga simu kutoka Maskat kuuliza kama kisanduku kinanitosha, au atafute njia ya kuniletea kikubwa kwa meli. Nilifikiri. Kikubwa kingenipa simu 36 badala ya tisa, na mikononi mwangu kisingebebeka. Nikamwambia alete sola ya pili.

Msimu uliofuata mtoto alikuwa na miaka sita na anasoma namba. Sikumpa kazi hiyo mimi, aliichukua mwenyewe. Kila alasiri alichuchumaa mbele ya kisanduku, wanawake wamesimama nyuma yake na simu zao mikononi, wakimuuliza, "Haya bwana mdogo, imefika?" Naye aliwasomea kwa sauti ya mnadi: sitini na moja, sitini, hamsini na tisa.